MABILIONI YALIYO CHINI YA ARDHI: TUHESABU VIZURI

Kila inapotangazwa kwamba kampuni fulani ya madini imegundua kitu, ukurasa huu hupata barua za namna moja. Mwandishi huchukua tani zilizotajwa, akazizidisha kwa bei ya soko la London ya siku ile, akapata jumla yenye sifuri nyingi, kisha akauliza: kama tunao utajiri huu, mbona zahanati ya kijijini kwetu haina dawa? Swali hilo la mwisho ni haki yake mwananchi, wala hatuna nia ya kumziba mdomo. Tunachotaka kusema leo kinahusu ile hesabu iliyolitangulia, kwa maana hesabu mbovu humdhuru yeye mwenyewe kwanza kabla ya kumdhuru mwingine.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Huko Kabanga, wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, kuna nikeli. Jambo hili si siri wala si geni. Wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walichoronga miamba ya huko katika miaka ya 1970, na tangu wakati huo kazi ya utafiti imepita mikononi mwa kampuni kadhaa za nje. Hesabu iliyotumika kwa miaka mingi ilikuwa ya tani milioni 58 za mbale zenye nikeli asilimia 2.62. Zidisha, utapata tani milioni 1.52 za nikeli tupu. Hadi hapo hakuna ubishi, hata mtoto wa darasa la saba anaweza kuifanya.

Ubishi unaanzia kwenye bei. Mwezi Mei 2007 tani moja ya nikeli ilipita dola za Marekani 50,000. Kwa bei hiyo Kabanga ilikuwa na dola bilioni 76. Mwanzoni mwa mwaka 2016 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 9,000, na mawe yale yale yakawa hayafiki hata bilioni 14. Tarehe 8 Machi 2022 bei iliruka kwa muda mfupi ikapita dola 100,000, hata wenye soko la metali la London wakalazimika kusimamisha biashara na kufuta mauzo ya siku ile. Aliyeshika kalamu asubuhi hiyo angetuletea barua ya dola bilioni 152. Ilipofika mwaka 2024 bei ilikuwa imerudi karibu na dola 17,000, sababu kubwa ikiwa ni nikeli nyingi iliyomwagwa sokoni na Indonesia, nchi ambayo tutairudia hapa chini kwa kisa kingine. Basi tumepewa bilioni 76, 14, 152 na 26, na katika muda wote huo mawe ya Ngara hayakusogea hata inchi moja.

Ni ipi basi thamani yake ya kweli? Hakuna hata moja kati ya hizo. Zote ni bei ya metali iliyokwisha safishwa na kufikishwa sokoni, imebandikwa juu ya jiwe ambalo bado liko kaburini mwake.

Pengine wengi wetu akili zetu zimeshikwa na habari ya Mirerani ya Juni 2020. Mchimbaji mdogo Saniniu Laizer alipata mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.10, na Serikali ikayanunua kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini mawe yale yalikuwa yamekwisha kutoka shimoni. Yaliwekwa kwenye mizani mbele ya watu, yakatazamwa na wathamini, yakapata mnunuzi mwenye fedha mkononi. Ugunduzi wa kampuni kubwa si wa namna hiyo. Kinachotangazwa na kampuni ni makisio ya kitu ambacho hakuna aliyekiona chote.

Inafaa ieleweke makisio hayo hupatikanaje. Mashine ya kuchoronga hutoboa mwamba ikatoa kijiti cha jiwe chenye unene kama mpini wa jembe. Shimo jingine hutobolewa hatua hamsini au mia kutoka hapo, pengine mbali zaidi. Vijiti hivyo hupasuliwa, nusu ikapelekwa maabara na nusu ikawekwa stoo ili mwenye shaka aje apime tena. Kilichopo kati ya shimo na shimo kinajazwa kwa akili na hesabu za wataalamu. Mashimo yakiwa mbalimbali, wataalamu wenyewe husema haya ni madini ya kukisiwa tu. Yakisogezwa karibu zaidi, husema sasa yameonyeshwa. Yakibanana, ndipo huthubutu kusema yamepimwa. Na hata yaliyopimwa hayaitwi akiba ya mgodi mpaka upembuzi yakinifu uonyeshe kwamba yanaweza kuchimbwa kwa faida. Maneno hayo manne yana tofauti kubwa kama ile iliyopo kati ya ua la mkorosho na gunia la korosho lililofika ghala la chama cha ushirika. Katika matangazo mengi tunayoyaona, neno la kwanza husomwa kana kwamba ni la mwisho.

Sisi wenye magazeti nasi tumo katika kosa hili. Kichwa cha habari chenye neno "matrilioni" huuza gazeti kuliko kichwa chenye neno "makisio".

Wazungu hawakujiwekea kanuni za maneno hayo kwa wema wa moyo. Waaustralia waliandika kanuni zao mwaka 1989. Wakanada walizipa zao nguvu ya sheria mwaka 2001, baada ya kuumizwa vibaya na kisa cha Busang, ambacho kila kiongozi wa wilaya yenye madini angefaa kukijua.

Busang iko Kalimantan Mashariki, katika kisiwa cha Borneo nchini Indonesia. Mwaka 1993 kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Bre-X ilipata eneo hilo na kuanza kuchoronga. Matokeo yakaanza kumiminika. Mwanzoni mwa mwaka 1996 ilisemekana kuna aunsi milioni 30 za dhahabu. Kufika Februari 1997 zilikuwa zimefika aunsi milioni 71. Kwa bei ya dhahabu ya wakati ule, karibu dola 350 kwa aunsi, mtu wa kuzidisha alipata dola bilioni 25. Hisa zilizokuwa zikiuzwa kwa senti zikapanda mpaka kampuni nzima ikawa inathaminiwa kuwa ni zaidi ya dola bilioni 6 za Kanada, ilhali haikuwa imeuza hata gramu moja ya dhahabu. Walionunua hawakuwa wacheza kamari peke yao. Ilikuwamo mifuko ya pensheni, pamoja na ya walimu. Wakubwa wa Indonesia nao wakaanza kugombania sehemu zao, hata katika mgawanyo wa Februari 1997 Serikali yao ikaandikiwa asilimia 10.

Kisha ikaja kampuni ya Marekani, Freeport-McMoRan, iliyotakiwa kuwa mbia. Ikachoronga mashimo yake kando kabisa ya mashimo ya Bre-X. Haikuona dhahabu ya kutosha hata kuzungumziwa. Tarehe 19 Machi 1997 mtaalamu wa miamba wa Bre-X, Michael de Guzman, ambaye alikuwa anarudi Busang kwenda kuulizwa maswali, alianguka kutoka helikopta juu ya msitu akafa. Siku chache baadaye Freeport ikatangaza iliyoyaona, na mwanzoni mwa Mei wapimaji huru wa kampuni ya Strathcona ya Toronto wakamaliza kazi: sampuli zilikuwa zimetiwa dhahabu kutoka nje. Chembe zake zilikuwa za mviringo, kama dhahabu ya kuchekecha mtoni, na haikuwa dhahabu ya ndani ya mwamba. Na ile nusu ya kijiti inayowekwa stoo haikuwapo, kwa kuwa vijiti vilisagwa vizima. Asilimia 10 ya Indonesia ikawa ni asilimia 10 ya hewa.

Hatusemi hata kidogo kwamba Kabanga ni Busang. Nikeli ya Kabanga imepimwa na wengi, kwa nyakati mbalimbali, na ipo. Tunachosema ni kwamba kule Busang kuzidisha hakukuwa na kosa hata moja. Milioni 71 mara 350 ni bilioni 25, leo na kesho. Kosa lilikuwa kwamba wengi walizidisha kwanza, na wachache wakauliza kwanza.

Tuseme basi tumekwisha uliza, na mbale ipo kweli. Itafikaje sokoni? Mchimbaji mdogo wa Geita anaijua hesabu hii kuliko sisi wa mezani. Mbale inayong'aa ikitoka duarani, ikipita karashani na kuoshwa, si dhahabu yote inayoingia mfukoni mwake. Nyingine hubaki kwenye marudio, na wapo wenye fedha wanaotajirika kwa kuyanunua marudio hayo. Mgodi mkubwa nao una marudio yake. Chini ya ardhi lazima miamba mingine, hata yenye madini, iachwe isimame kama nguzo ili paa lisiwaangukie watu. Baruti ikilipuka, mbale huchanganyika na mawe matupu. Kiwandani sehemu nyingine hupotea na tope. Na mwenye kinu cha kusafisha halipi kwa kila kilo anayoletewa.

Halafu kuna gharama. Kutoka Ngara hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa elfu moja. Umeme, dizeli, saruji, vipuri, mishahara, vyote hulipwa kabla ya senti ya kwanza kurudi. Mpango uliopo ni kusafisha metali hiyo Kahama, mahali ulipokuwa mgodi wa Buzwagi uliofungwa, nao ni mpango mzuri kwa kuwa unaacha kazi na ujuzi nchini. Lakini kiwanda nacho hujengwa kwa fedha, mara nyingi za mkopo, na mkopo una riba.

Na kuna jambo ambalo waandishi wetu wa barua hulisahau karibu wote, nalo ni muda. Shilingi mia utakayopewa baada ya miaka kumi si shilingi mia ya leo. Kama fedha ingeweza kukuzalia asilimia 10 kwa mwaka, basi mia hiyo leo ni sawa na shilingi 39 tu, na ikicheleweshwa miaka ishirini ni shilingi 15. Kabanga ni shahidi mzuri wa jambo hili. Mtoto aliyezaliwa Ngara wakati mashimo ya kwanza yanachorongwa leo ana wajukuu. Januari 2021 Serikali ilitia sahihi mkataba ulioanzisha kampuni ya ubia ya Tembo Nickel, na hata hivyo mwaka 2024 ulikwisha bila mgodi huo kuuza hata tani moja. Bilioni 76 za mwaka 2007 hazikumnunulia mtu yeyote kidonge cha malaria.

Tukija kwenye sehemu yetu, hapa pana kutoelewana kukubwa zaidi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2017 inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni yenye leseni kubwa, bila kulipia. Wengi wanaamini kwamba hiyo ni asilimia 16 ya mbale, wakachukua tena zile bilioni 76 wakakata 16. Sivyo. Hizo ni hisa za kampuni, na hisa hula gawio, na gawio hutoka kwenye faida. Kampuni ikionyesha vitabuni kwamba haina faida, hisa zetu zitakaa mezani bila chakula. Mrabaha ni kitu kingine. Wenyewe hutozwa kwenye thamani ya madini yanayouzwa, hausubiri faida, na kwa dhahabu ulipandishwa mwaka huo huo kutoka asilimia 4 hadi 6. Kodi ya mapato nayo ni mfuko wa tatu. Mwananchi anayetaka kujua nchi itapata nini hana budi kuuliza juu ya kila mfuko peke yake.

Mianya nayo iko hapo hapo. Kama mbepari anataka kutunyonya, hahitaji kuficha mlima. Anatosheka kuandika bei kubwa kwenye ankara ya mashine aliyoinunua kwa kampuni yake dada, au kupunguza kidogo kipimo cha maabara, au kuuza kwa ndugu yake kwa bei ya chini. Tunamsaidia tunapokodoa macho kwenye zile sifuri, tusiwe na macho yaliyobaki ya kutazama mizani.

Wasomaji wanayakumbuka makontena 277 ya makinikia yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam mwaka 2017. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais John Magufuli ilisema yana tani 7.8 za dhahabu. Kampuni ikakataa na kusema ni kidogo mno kuliko hapo. Likafuata dai la kodi la dola bilioni 190. Mwisho wake yakawa makubaliano ya dola milioni 300, pamoja na kampuni ya ubia ya Twiga ambamo Serikali ina asilimia 16. Leo hatutaki kuifufua kesi hiyo. Tunamwomba msomaji atazame jambo moja tu: makinikia yale yalikuwa yamekwisha chimbwa, yamesagwa, yamefungwa, yako nchi kavu ambako mtu angeweza kuyagusa kwa mkono, na bado pande mbili hazikukubaliana yana nini ndani. Itakuwaje basi kwa mwamba ulio mamia ya meta chini, unaojulikana kwa vijiti vya unene wa mpini wa jembe?

Kwa nini tunasema haya kwa ukali? Kwa sababu yupo anayeumia. Habari ya mabilioni ikitua kijijini, walanguzi wa mjini hufika kabla ya wapimaji. Humrubuni mzee auze shamba la migomba kwa bei ya kutupa, au humuuzia kijana kiwanja kwa bei ya Kariakoo katika mji ambao haujazaliwa. Watu huambiwa wasijenge nyumba mpya wala wasipande mazao ya kudumu kwa kuwa uthamini umekwisha fanyika, na wengine hukaa hivyo, mguu mmoja ndani mguu mmoja nje, wakisubiri. Siku ya kulipwa ikifika, mkulima anaona amelipwa nyumba yake, kahawa yake, migomba yake na usumbufu. Yeye alikwisha sikia dola bilioni 76. Anarudi nyumbani akiamini ameibiwa, na hakuna aliyemwambia tangu siku ya kwanza kwamba kisheria madini ni mali ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote, na kwamba fidia yake inahusu kile kilicho juu ya ardhi. Angeambiwa, nguvu zake angezipeleka mahali panapomfaa: kuhakikisha kila mgomba umehesabiwa, kwa bei ya haki, na malipo hayacheleweshwi.

Kwa hiyo tunaiomba Tume ya Madini ifikirie jambo ambalo halina gharama kubwa. Kampuni yoyote inayotangaza ugunduzi ilazimishwe kubandika ukurasa mmoja wa Kiswahili katika ofisi ya kata na ya kijiji. Ukurasa huo useme ni tani ngapi na zina madini kiasi gani kwa tani. Kama ni ya kukisiwa, yaliyoonyeshwa, yaliyopimwa au ni akiba. Bei iliyotumika ni ya lini. Nani alipima, na nusu ya vijiti iko stoo gani. Na kama hakuna upembuzi yakinifu, iandikwe kwa herufi kubwa kwamba haupo. Kampuni hizo tayari zinawaandikia wenye hisa zao wa ng'ambo mambo hayo yote, kurasa kwa kurasa, kwa Kiingereza. Mwenye shamba lililo juu ya mbale hastahili kupata pungufu ya hayo.

Waheshimiwa wakuu wa wilaya, nao, wakialikwa kuhutubia kwenye uzinduzi, waulize kwanza swali la bei ni ya lini kabla ya kutaja mabilioni jukwaani.

Na ninyi ndugu waandishi wa barua, endeleeni kutuandikia. Barua za hesabu tutazichapa, ila tunaomba mwandishi aonyeshe hatua zake zote kama alivyofundishwa shuleni: tani, kiasi cha madini, kinachopotea, gharama, miaka, mrabaha, kodi na gawio. Asiyekuwa na tarakimu ya hatua fulani aache nafasi wazi na kuandika kwamba haijui. Nafasi hizo tutazikusanya na kuwapelekea wahusika wazijaze.